Uanuwai wa Virusi vya Michirizi ya Kahawia ya Muhogo: Uhakiki wa Tafiti za Jenomu Afrika Mashariki, 2011–2019

Utangulizi

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia humfikia mkulima wa muhogo kwa kuchelewa. Majani huweza kuwa na manjano hafifu kandokando ya mishipa, na mara nyingine yasioneshe dalili yoyote ya kumshtua mtu. Shina huweza kubaki zuri machoni. Mizizi inapong'olewa na kukatwa ndipo mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo, yanapojitokeza ndani ya nyama nyeupe, na chakula kilichosubiriwa kwa mwaka mzima huwa hakiliki wala hakiuziki. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo pingili fulani ni safi haliwezi kuamuliwa kwa macho peke yake. Katika muongo mmoja swali hilo limezidi kukabidhiwa kwa wataalamu wanaosoma jenomu nzima za virusi vinavyosababisha ugonjwa huu na kuzilinganisha herufi kwa herufi.

Uhakiki huu unachunguza tafiti nne za aina hiyo: Mbanzibwa na wenzake (2011), Ndunguru na wenzake (2015), Alicai na wenzake (2016), na Boykin na wenzake (2019). Zimeteuliwa kwa kuwa zinajengana. Jenomu zilizopatikana katika utafiti mmoja huingizwa katika hifadhi za umma na kuwa malighafi ya utafiti unaofuata, na dai lililotolewa kwa tahadhari katika andiko moja hurudi katika andiko jingine likiwa limepoteza tahadhari yake. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba data za tafiti hizi ni za thamani kubwa na baadhi ya matokeo yake yamebadilisha kabisa namna ugonjwa unavyoeleweka. Hata hivyo, hitimisho kadhaa linazidi uwezo wa sampuli zilizolizaa, na uzidifu huo una gharama kwa sababu sera za mbegu na programu za uzalishaji wa aina kinzani huegemea hitimisho, haziegemei majedwali.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi. Jenomu ya virusi hivi ni uzi mmoja wa RNA wenye takriban herufi 9,000. Uzi huo husomwa ndani ya seli ya muhogo na kutoa protini moja ndefu ambayo baadaye hukatwa kuwa protini kumi. Virusi viwili vinahusika: virusi vya michirizi ya kahawia ya muhogo, na vile vinavyoitwa vya Uganda. Vyote ni vya jenasi ya Ipomovirus katika familia ya Potyviridae. Katika uhakiki huu vitaitwa virusi vya kwanza na virusi vya pili, kwa sababu itakayoelezwa.

Dalili, mwinuko na majina

Storey aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Nichols (1950) akauchorea mipaka: ni ugonjwa wa ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi na wa baadhi ya maeneo ya Malawi ya leo, nao hauwi tatizo katika mashamba yaliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Maelezo hayo yalidumu zaidi ya nusu karne. Yalikuwa na mantiki, na yalimfaa kila mmoja: mkulima wa bara alijiona yu salama, na mtafiti alikuwa na ramani isiyomsumbua. Mwaka 2004 ugonjwa ukaonekana Uganda, katika mashamba yaliyo juu ya mwinuko huo, kama walivyoripoti baadaye Alicai na wenzake (2007).

Kulikuwa na mfano wa karibu ambao ungepaswa kuwaandaa wataalamu. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliteketeza muhogo wa Uganda, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1997 ulionesha kwamba chanzo chake ni virusi vilivyozaliwa kwa kuchanganyika: sehemu ya katikati ya jeni ya ganda ilikuwa imetoka kwa virusi vya batobato vya Afrika, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya virusi vya batobato vya Afrika Mashariki. Vipimo vya wakati huo, vilivyotegemea kingamwili zinazotambua ganda la virusi, viliviona kuwa ni virusi vile vile vya zamani. Kipimo kilisema kweli kuhusu ganda, na kikakosea kuhusu virusi. Tukio hilo ndilo hoja bora kuliko zote ya kusoma jenomu nzima badala ya kipande, na inashangaza kwamba tafiti zinazohakikiwa hapa hazikulifanya kuwa msingi wa utetezi wao.

Kati ya 2009 na 2010, vikundi tofauti vya watafiti, wakiwemo Mbanzibwa na wenzake na Winter na wenzake, vilibaini kwamba michirizi ya kahawia haisababishwi na virusi vya aina moja. Vile vilivyotoka bara vilitofautiana na vile vya pwani kiasi cha kustahili kuwa spishi nyingine. Spishi hiyo ikapewa jina la Uganda. Jina hilo lilitokana na mahali sampuli ilipochukuliwa, halikutokana na mahali virusi vilipozaliwa, lakini msomaji wa kawaida hulichukua kwa maana ya pili. Virusi hivyo hivyo vipo Tanzania na Kenya. Neno linalotaja nchi huelekeza jicho la mkaguzi mpakani, ilhali hatari huenda iko katika shamba la mbegu lililo nyuma yake. Ndiyo sababu ya kutumia hapa majina yasiyotaja mahali.

Tafiti ya 2011: kiasi kinachotosha

Kati ya maandiko manne, la Mbanzibwa na wenzake (2011) ndilo lenye sauti ya chini kuliko yote, na ndilo linalostahimili usomaji wa pili vizuri zaidi. Waandishi walikuwa na jenomu nzima 12: nne za virusi vya kwanza na nane za virusi vya pili. Waliongeza mifuatano ya jeni ya ganda kutoka katika sampuli 22 za virusi vya kwanza na 45 za virusi vya pili. Walionesha kwamba jenomu za spishi hizi mbili zinafanana kwa asilimia 69.0 hadi 70.3 tu katika kiwango cha herufi. Walionesha pia kuwa ndani ya kila spishi kuna dalili za vipande kubadilishana, hasa katika sehemu ya mwisho ya jenomu, lakini hawakupata ushahidi wa ubadilishanaji kati ya spishi moja na nyingine. Kuhusu uteuzi wa asili, walihitimisha kwamba jeni ya ganda kwa sehemu kubwa iko chini ya uteuzi unaosafisha, yaani mabadiliko mengi ya protini huondolewa kwa kuwa huidhuru. Maeneo machache katikati ya ganda la virusi vya kwanza ndiyo yaliyoonesha uteuzi unaopendelea mabadiliko.

Ubora wa andiko hili umo katika uwiano wa dai na sampuli. Pale ambapo jenomu nzima zilikuwa chache mno, waandishi waliegemea jeni moja yenye sampuli nyingi na wakasema wazi kwamba ni jeni moja. Kasoro yake ni ile ambayo wote waliofuata wameirithi: mimea iliyopimwa. Tafiti za aina hii kwa kawaida huchukua majani yenye dalili, kwa kuwa kupima kila mmea ni ghali. Matokeo yake ni kwamba uanuwai unaopimwa ni uanuwai wa virusi vinavyojionesha. Aina inayokaa kimya katika jani na kuharibu mzizi, au isiyoharibu chochote na kusubiri, ina nafasi ndogo ya kuingia katika mti wa nasaba. Katika pwani ya Waswahili, nasaba zilizoandikwa za koo kubwa husomwa kwa kujiuliza nani aliachwa nje na kwa nini. Mti wa nasaba wa virusi unastahili kusomwa kwa jicho hilo hilo.

Jenomu kumi na mbili za 2015

Ndunguru na wenzake (2015) waliongeza jenomu nzima 12, saba za virusi vya kwanza na tano za virusi vya pili, na hivyo kuongeza maradufu idadi iliyokuwa ikipatikana kwa umma. Hilo peke yake ni mchango mkubwa, tena uliofanywa na timu iliyoongozwa kutoka Mikocheni, Dar es Salaam. Andiko linatoa madai matatu: kwamba dhana ya virusi hivi kufungwa na kanda za kilimo na mwinuko si sahihi, kwamba vipande vya kuanzishia kipimo vilivyokuwa vikitumika maabara havitoshi kutoa majibu ya kuaminika, na kwamba huenda kuna spishi hadi nne badala ya mbili. Madai haya hayana uzito sawa, na ni muhimu kuyatenganisha kwa kuwa wengi wanaoyanukuu huyabeba kwa pamoja.

Dai la kwanza linahitaji kusomwa kwa uangalifu wa kimantiki. Ikiwa mtu alidai kwamba virusi vya kwanza havipatikani kabisa bara, sampuli moja ya bara inatosha kumkanusha. Ikiwa alidai kwamba virusi vya kwanza hupatikana zaidi pwani na vya pili zaidi bara, hapo sampuli moja haitoshi, wala kumi na mbili hazitoshi. Kinachohitajika ni upimaji uliopangwa, wenye idadi zinazolingana katika kila ukanda na njia ya kuteua mashamba isiyofuata barabara kuu tu. Andiko la 2015 limelikanusha dai la kwanza. Kuhusu la pili, data zake haziwezi kusema. Hata hivyo, katika maandiko ya baadaye inazoeleka kusomwa kwamba mwinuko hauna nafasi yoyote katika mtawanyiko wa virusi hivi, kauli ambayo haimo katika ushahidi. Joto huathiri wingi wa inzi weupe, na inzi weupe ndio wasafirishaji, kama ilivyothibitishwa na Maruthi na wenzake (2005). Kuondoa mwinuko katika ramani kwa sababu si ukuta ni sawa na kudai mto hauna athari kwa safari kwa sababu una vivuko.

Dai la pili ndilo lenye nguvu zaidi, na ndilo lililopata nafasi ndogo zaidi. Kipimo cha kawaida cha maabara hutegemea vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa ili vishikamane na sehemu maalumu ya jenomu ya virusi. Sehemu hiyo ikibadilika, hasa pale kwenye ncha ambapo unakili huanzia, kipande hakishiki, na mashine hutoa jibu la kwamba mmea hauna virusi. Jibu hilo la uongo ni baya kuliko kutokupima. Mmea usiopimwa hutiliwa shaka. Mmea uliopimwa na kupasishwa hukatwa pingili, nazo hufungwa mafungu na kusafirishwa kwenda wilaya ambayo huenda haijawahi kuuona ugonjwa. Hapa usomaji wa jenomu nzima hauna mbadala, kwa kuwa hautegemei mtu kujua mapema anachotafuta. Andiko lingefanya vyema kutenga sehemu nzima kwa jambo hili: kipimo gani kinakosa aina gani, katika nafasi zipi, na mbadala upi upendekezwe. Kulinganisha herufi kwenye kompyuta huonesha mahali hatari ilipo, lakini ukubwa wa hatari hujulikana pale tu vipimo vyenyewe vinaporudiwa maabara kwa sampuli ambazo jenomu zake zimeshasomwa.

Dai la tatu ndilo lililovutia macho zaidi. Uwezekano wa spishi nne ulitolewa kwa vipimo vya matawi ya mti wa nasaba: iwapo tawi limejitenga vya kutosha na majirani zake kiasi kwamba haielekei utengano huo umetokana na bahati ya sampuli. Kigezo kinachotumika kwa kawaida katika familia ya Potyviridae ni kingine: jenomu zinazofanana kwa chini ya asilimia 76 katika herufi, au chini ya asilimia 82 katika protini, huhesabiwa kuwa za spishi tofauti. Vigezo hivi viwili havijibu swali moja. Cha kwanza huuliza kama kuna makundi. Cha pili huuliza kama umbali kati ya makundi umefikia kiwango kilichokubaliwa. Mti wenye jenomu chache huonesha matawi yaliyojitenga kirahisi, kwa kuwa zile za katikati ambazo zingeyaunganisha bado hazijasomwa. Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi imeendelea kutambua spishi mbili. Kwa mzalishaji wa mbegu, swali la idadi ya spishi lina umuhimu mdogo kuliko linavyoonekana. Anachohitaji kujua ni kama aina ya muhogo iliyostahimili virusi kutoka tawi moja itastahimili virusi kutoka tawi jingine, na hilo hujibiwa kwa kuunganisha vikonyo na kusubiri msimu mzima. Halijibiwi kwa mti.

Kuna jambo jingine ambalo halikupewa uzito. Muhogo huzalishwa kwa pingili, hivyo mmea mmoja huweza kurithi virusi kutoka kwa mama na kuongezewa vingine na inzi weupe, mwaka baada ya mwaka. Maambukizi ya spishi zote mbili katika mmea mmoja yanajulikana tangu Mbanzibwa na wenzake walipoyaripoti mwaka 2011 katika andiko jingine kuhusu njia za utambuzi. Jenomu inayochapishwa ni ya wastani: katika kila nafasi huchukuliwa herufi iliyojitokeza mara nyingi zaidi. Ndani ya mmea wenye virusi mchanganyiko, wastani huo unaweza kuunganisha mwanzo wa kimoja na mwisho wa kingine, na kuzaa mfuatano ambao haujawahi kuwepo katika kiumbe chochote. Mfuatano wa namna hiyo ukiingia katika hifadhi ya umma, mchambuzi anayefuata huusoma kuwa ni ushahidi wa kubadilishana vipande. Uwezekano huo haubatilishi jenomu za 2015; unadai kwamba idadi ya usomaji katika kila nafasi na kiwango cha herufi za wachache vitolewe pamoja na jenomu, ili msomaji aweze kupima mwenyewe.

Kasi, akili na tashihisi: andiko la 2016

Alicai na wenzake (2016) walitumia jenomu zilizokusanywa kujenga mti wa spishi kwa nadharia inayofuata historia ya kila jeni kurudi nyuma hadi kwa mzazi wa pamoja. Walihitimisha kwamba virusi vya kwanza vinabadilika kwa kasi kuliko vya pili, na kwamba mabadiliko yanayogeuza protini yamezidi yale yasiyoigeuza, tena katika jenomu nzima. Kutokana na hayo wakapendekeza kwamba virusi vya kwanza huenda vinaizidi akili kinga ya muhogo.

Mbinu ni ya kifahari na swali ni zito, lakini njia kutoka hesabu hadi hitimisho ina vivuko visivyo na daraja. Kwanza, nadharia iliyotumika ilibuniwa kwa viumbe ambavyo jeni zake hurithishwa kwa kiasi fulani cha uhuru, kila moja na historia yake. Jeni za virusi hivi zimeungana katika uzi mmoja mfupi. Ubadilishanaji wa vipande huzipa uhuru kiasi, lakini ule uliobainishwa mwaka 2011 umejikita upande wa mwisho wa jenomu. Kuzichukulia jeni zote kumi kama mashahidi kumi huru ni kumhesabu shahidi mmoja zaidi ya mara moja.

Pili, tofauti nyingi si lazima ziwe kasi kubwa. Ugonjwa umeandikwa pwani tangu 1936. Mlipuko wa bara ni wa karne hii. Kundi lililokaa mahali pamoja kwa muda mrefu hukusanya tofauti nyingi hata kama kasi yake ni ya kawaida, na kundi lililosambaa hivi karibuni kutoka kwa waanzilishi wachache huonekana kufanana hata kama linabadilika upesi. Ili kuzitenganisha hali hizi mbili panahitajika sampuli zenye tarehe zilizotapakaa katika miaka mingi. Majani makavu yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya mimea yangeweza kusaidia: kwa ugonjwa wa ukungu wa viazi uliosababisha njaa ya Ireland katika miaka ya 1840, jenomu zilisomwa kutoka katika majani yaliyohifadhiwa tangu karne hiyo. RNA huharibika upesi kuliko DNA, kwa hiyo kazi hiyo katika muhogo ingekuwa ngumu zaidi, lakini ndiyo inayolihusu swali la kasi moja kwa moja.

Tatu, matokeo ya 2016 hayaketi vizuri karibu na yale ya 2011. Andiko la mwanzo liliona ganda likisafishwa na uteuzi, isipokuwa katika maeneo machache. La baadaye linaona mabadiliko ya protini yakitawala jenomu nzima. Kwa kuwa katika jeni yoyote nafasi ambazo badiliko lake hugeuza protini ni nyingi kuliko zile zisizogeuza, wingi wa mabadiliko hayo hauwezi kufasiriwa bila kugawanywa kwa idadi ya nafasi. Msomaji alistahili kupewa maelezo kwa nini tafiti mbili za virusi vile vile, zikitumia sehemu kubwa ya jenomu zile zile, zinaelekea pande tofauti.

Hapo ndipo tashihisi inapofanya kazi ambayo takwimu haikuifanya. Kusema kwamba virusi vina akili kuliko kinga ya mmea ni kuvipa nia, na nia huziba pengo lililopo kati ya herufi zilizohesabiwa na mzizi uliooza. Tashihisi si kosa katika uandishi wa kisayansi. Humsaidia msomaji asiye mtaalamu. Tatizo ni pale inapokaa mahali pa utaratibu unaoelezeka: ni protini ipi, inagusa nini katika seli ya muhogo, na badiliko lipi linaiongezea nguvu.

Mfano wa jeni ya HAM1 unaonesha tofauti hiyo. Virusi hivi vina jeni isiyo ya kawaida katika familia yao. Mwaka 2009 Mbanzibwa na wenzake walipendekeza, kwa kuulinganisha mfuatano wake na wa protini za viumbe vingine, kwamba huenda inapunguza makosa wakati virusi vinapojinakili. Pendekezo hilo lilitokana na usomaji wa herufi, na lilikuwa la busara. Tomlinson na wenzake (2019) walilipima. Walithibitisha kwamba protini hiyo inao uwezo wa kikemia wa kuvunja herufi mbovu, lakini waliposoma kwa kina virusi vilivyokuwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku hawakuona kwamba inavilinda dhidi ya mabadiliko. Walipoifuta au kuivuruga katika virusi vya kwanza, majani ya mimea hiyo hayakufa kama yalivyokufa kwa virusi kamili. Jeni iliyodhaniwa kuwa mhariri wa maandishi ilionekana kuhusika na kifo cha tishu. Muhogo wenyewe bado ni mmea mwingine, na waandishi walilitambua hilo. Utafiti huu hauna jenomu mpya hata moja kutoka shambani, lakini unaeleza zaidi kuhusu ukali wa virusi vya kwanza kuliko mti wowote uliotangulia.

Lipo pia suala dogo la takwimu ya ufunguzi. Maandiko ya 2016 na 2019 yote yanataja watu milioni 800 duniani wanaotegemea muhogo. Idadi hiyo ni ya nchi zote za kitropiki, ikijumuisha Brazil, Nigeria na Thailand. Virusi vinavyojadiliwa mwaka 2016 vinahusu Afrika ya mashariki na ya kati. Msomaji anayekimbiza macho huondoka na wazo la tishio la watu milioni 800, na wafadhili nao husoma kwa kukimbiza macho.

Maabara chini ya mti

Andiko la Boykin na wenzake (2019) linatoka katika chumba cha kompyuta na kwenda shambani. Timu ilibeba kifaa kidogo cha kusafisha DNA, kifaa cha kusomea mfuatano kinachotoshea kiganjani, na kifaa cha kuchakata majibu. Vyote hutumia betri. Walifanya kazi katika mashamba matatu, moja katika kila nchi: Tanzania, Kenya na Uganda. Kuanzia kufika shambani hadi jibu la awali ulipita muda usiozidi saa tatu. Bila umeme wa gridi wala intaneti ya uhakika, hilo ni jambo la kusifiwa bila masharti, na linavunja utaratibu wa miaka mingi ambapo jani huondoka kijijini na jibu halirudi.

Hata hivyo, ni lazima kuuliza kilichopatikana. Kifaa kilisafisha DNA, na virusi vilivyotambuliwa katika majani, mashina, mizizi na wadudu ni vya batobato, ambavyo jenomu zake ni DNA. Virusi vya michirizi ya kahawia ni RNA. Ili visomwe kwa njia hiyo sharti kwanza vinakiliwe kuwa DNA, hatua inayoongeza kemikali, muda na uwezekano wa kukosea. Kwa maneno mengine, maabara ya chini ya mti ilifaulu kuutambua ugonjwa ambao mkulima huuona mwenyewe kwa jani lililojikunja na lenye mabaka, na haikugusa ule usioonekana. Andiko linapozungumzia kuokoa zao ndani ya msimu mmoja, linawajumuisha wote wawili.

Aidha, jibu la utambuzi halimponyi muhogo. Mmea ulioambukizwa hautibiki. Ushauri pekee ni kuung'oa na kupanda pingili safi za aina stahimilivu, iwapo zipo na mkulima anazimudu. Na utambuzi wenyewe hutegemea kulinganisha mfuatano uliosomwa na ile iliyohifadhiwa katika hazina za umma, kwa hiyo mapengo ya sampuli yaliyojadiliwa kuhusu tafiti za 2011 na 2015 husafiri pamoja na kifaa hadi shambani. Mimea pori ni sehemu ya mapengo hayo. Virusi vya michirizi vimeripotiwa katika mpira, jamaa wa muhogo anayeota ovyo pembezoni mwa mashamba, na ni mmea huo huo ambao wazalishaji wa Amani waliupandisha na muhogo wakitafuta ukinzani. Je, aina za virusi zilizomo ndani ya mpira zimewahi kukutana na ukinzani uliotokana nao? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa vifaa vilivyopo sasa, na kwa gharama ndogo kuliko safari ya mashamba matatu.

Katika shamba la kuzalisha mbegu, mkaguzi wa Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania hutembea kati ya mistari akihesabu majani yenye dalili. Kipimo cha maabara kinachomsaidia pale macho yanaposhindwa kinategemea vipande vya kuanzishia ambavyo utafiti wa 2015 ulivitilia shaka. Orodha ya vipande hivyo, ikiwa na aina za virusi ambazo kila kimoja kinazikosa, imeandikwa kwa msamiati wa wanabaiolojia na kutawanyika katika viambatisho vya maandiko ya Kiingereza.